Jeki na Taniboi

Tairi lilipasuka tukiwa tumeshaipita Maungu, Voi bado iko mbele, kama saa tisa alasiri. Lilikuwa la nyuma, la ndani, na taniboi yeyote anajua maana yake: unafungua mawili ili ubadilishe moja.

Hiyo ilikuwa miaka ya 1990. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yakaja, karo haikuja, mjomba akanitafutia utaniboi, kazi ya kumsaidia dereva, kwenye lori la mbolea, kutoka Kilindini hadi Kampala. Dereva alikuwa mtu wa Mombasa, wa maneno machache na sigara nyingi. Jina langu hakuwahi kuliuliza. Kati yetu alikaa mwalimu mstaafu aliyeomba lifti Mariakani. Kwao Mwatate, angeshukia Voi.

Nikaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, nikateremsha jeki. Ilikuwa ile nene fupi yenye umbo la chupa, ya tani 20, ya oili. Pembeni mwa barabara pale ni mchanga mwekundu, na juu ya mchanga lori haliinuki, jeki ndiyo inayozama. Kwa hiyo ubao kwanza. Nikaingia chini ya ekseli kwa mgongo, nikapanga ubao, nikasimamisha jeki, nikakaza skrubu ya pembeni, nikaanza kupiga. Mpini ukishuka, lori linapanda unene wa ukucha. Ukiupumzisha, linarudi nusu ya ule unene, maana sili ilikuwa imeliwa na oili ikichuruzika hadi kwenye kiwiko changu. Dereva alijua habari za ile sili tangu Mombasa.

Mwalimu alikuwa amechuchumaa kwenye kivuli cha lori. "Kijana, unamjua huyo unayempiga?"

"Nani, mwalimu?"

"Huyo Jack."

Nikadhani ni jua. Lakini mzee alikuwa amefundisha Kiingereza maisha yake yote, na darasa alikuwa amelipata. Uingereza ya zamani, akasema, Jack lilikuwa jina la kumwitia mtu aitwaye John, na akina John walikuwa wengi kama akina Juma wa pwani. Mwishowe kila mvulana wa kutumwa akawa Jack, alivyozaliwa akiitwa nani hakuna aliyejali, kama hapa kwetu wanaume wazima wenye ndevu walivyoitwa boi. Jikoni kwa matajiri palikuwa na mtoto wa kukaa mbele ya moto akizungusha chuma chenye nyama, kutwa nzima, uso ukimwungua. Ikaja mashine ya kuzungusha kile chuma. Mtoto akaondoka, mashine ikaitwa Jack. Kifaa cha kuvulia buti, kazi iliyokuwa ya mtumishi, nacho Jack. Na hiki cha kuinulia mizigo, vilevile.

Mimi chini ya ekseli nikabaki kwenye lile la kuzungusha. "Turn" nilikuwa naijua, na "boy" naijua. Siku zote nimelibeba lile jina la kazi bila kulisikiliza.

"Na wa kwenye karata?" Dereva, ambaye tangu Mariakani alikuwa hajatia neno, alitupa sigara. "Yule wa chini ya bibi. Wazee kwetu Mji wa Kale wanamwita ghulamu."

Mwalimu alipiga goti lake kwa furaha. Ghulamu! Kiarabu hicho, mvulana, mtumishi. Waswahili na Waingereza, kila mmoja kwa njia yake, wamemtazama kijana yule yule kwenye karata wakaona wa kutumwa! Kisha akaruka kwenye manowari za Waingereza alizoziona Kilindini ujanani, zikitia nanga na kupandisha kwenye omo ile bendera yao, Union Jack. Sikumfuata vizuri hapo. Jeki ilikuwa inashuka na nati mbili zilikuwa hazijatoka.

"Fenesi je?" dereva akauliza. Kila safari alikuwa akirudi na fenesi za Uganda, na huko wenye Kiingereza wakiziita "jackfruit".

"Hilo halimo. Wareno walilikuta Malabar, huko India, wenyeji wanaliita chakka, wakalitamka jaca. Mwingereza akasikia Jack, akaridhika."

Miaka mingi baadaye nilikaa na kamusi kubwa katika maktaba ya McMillan, Nairobi, nikamfuatilia mzee neno kwa neno. La fenesi lilikuwa sawa, na la jikoni pia. Kiingereza changu chote cha shule hakikuwahi kunifurahisha kama ukurasa ule.

Lakini siku ile nati ya mwisho ilikuwa imeshika kutu. Dereva alichomeka bomba kwenye spana, tukaning'inia wote wawili, ikalia, ikaachia. Tairi la nje likatoka. La ndani lilipoanza kutoka jeki ikazama kwa mpigo mmoja hadi magogo niliyoyapanga chini ya ekseli yakalia, na hapo ndipo mwalimu alipovua koti, akalikunja vizuri juu ya boneti, akaja kushika mpini. Alipiga bila kusimama wakati mimi na dereva tunaingiza spea. Siku hizi nikisoma gazetini kwamba mgombea fulani amepigwa jeki, huwa najiuliza kama mwandishi amewahi kuishika.

Tulimshusha Voi kiza kikiingia. Alikataa chai, akashika njia ya stendi.

Tangu hapo dereva hakusema tena jeki. Pancha ikitupata anasema, "Lete Joni." Tulipofika Malaba afisa wa mpakani alitaka vitambulisho, dereva akakichukua changu ampe, akakisoma, akanitazama. "Kumbe wewe ni Yohana," akasema.