Mukimo Bila Mahindi

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile mvua ya Dublin isiyo na haraka, inayodondoka kama chai kwenye kichujio. Nilitoka zamu ya usiku nikalala hadi saa tisa, nikaamka na njaa. Kwenye friji, maziwa na nusu kitunguu. Nikavaa koti nikaenda kwenye baa ya kona hapa Stoneybatter, ambayo nimeipita kila siku kwa miezi saba bila kuingia.

Malezi ndiyo yaliyonizuia. Kwetu Ol Kalou, Kenya, mwanamke akiketi baa peke yake, habari zinafika nyumbani kabla hajaagiza. Nikasukuma mlango kama mtu aliyekosea nyumba. Mhudumu, kwa lafudhi yao inayokimbia, akaniambia kuna nafasi kwenye snagi. Snagi ni kijichumba cha mbao kilichobanwa kando ya kaunta, na kidirisha cha kupitishia glasi. Zamani wanawake walinywea humo wasionekane, mapadri nao vilevile. Hata miaka ya 1970 zilikuwepo baa zisizomuuzia mwanamke painti nzima, ile glasi kubwa ya bia: achukue nusu au aende zake. Kumbe Ol Kalou tuna wenzetu.

Nikaagiza painti nzima ya Guinness, bia yao nyeusi.

Ilibaki kidogo niseme "ya moto", maana nyumbani ukiagiza bia swali la kwanza ni hilo, moto (isiyotoka kwenye friji) ama baridi. Hata nguvu hazilingani: Guinness yetu ya chupa ina kileo asilimia 6.5, hii ya bomba ni 4.2, nyepesi kuliko rangi yake inavyotisha. Mhudumu aliinamisha glasi, akaijaza robo tatu, akaiacha kaunta na kwenda kuhudumia wengine. Nikadhani nimesahauliwa. Nikaitazama: viputo vinashuka pembeni badala ya kupanda, weusi unajitenga na povu taratibu. Baada ya kama dakika mbili akarudi, akaimalizia. Hakuna aliyekuwa akimharakisha.

Kisha chakula. Bakuli la mchuzi wa kondoo, karoti, vitunguu na viazi, mkate wa kahawia unaoumuliwa kwa magadi na maziwa ya mtindi, siagi nene kama kidole. Na kando, kana kwamba viazi vya bakulini havitoshi, kilima cha viazi vilivyopondwa pamoja na sukuma wiki. Wanakiita colcannon. Nilitia kijiko kimoja mdomoni nikakiweka chini. Hii ni mukimo, viazi vyetu vya kuponda na mboga na mahindi! Mukimo bila mahindi, iliyozidishiwa siagi, lakini mukimo. Sijui kama ni uchovu wa zamu au nini, macho yalinilowa.

Mzee mmoja aliyekuwa kaunta aliniona kupitia kidirisha, akauliza kama chakula kina kasoro. Nikamwambia hapana, kimenikumbusha kwetu. Akauliza kwetu tunalima nini. (Wengine huuliza simba.) Nikasema viazi, na kwamba kwa Kiingereza cha soko letu vinaitwa viazi vya Ireland. Alicheka hadi akashika kaunta. Hata sisi tuliletewa tu, akasema, vimetoka Peru huko.

Halafu akaacha kucheka. Akaniuliza kama na sisi tuna ule ukungu wa viazi.

Tunao. Nimekua nikiuona. Mvua ikishika siku tatu na baridi juu yake, Baba hakai chini. Anabeba pampu mgongoni, anapulizia dawa mstari kwa mstari, kwa sababu akichelewa wiki moja majani yanakuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji moto, na viazi vinaozea ardhini. Kwetu hiyo ni hasara, ni karo ya muhula. Ukungu huohuo uliingia hapa mwaka 1845, wakati maskini hawakuwa na chakula kingine, huku nafaka ikiendelea kusafirishwa nje. Watu kama milioni moja walikufa, wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841, na mpaka leo hawajafika idadi hiyo tena. Mzee alisema haya akiangalia glasi yake. Mimi nilimaliza bakuli lote, nikafuta mchuzi kwa mkate.

Niliporudi nilimpigia Baba. Nimepewa jina la mamake, kwa hiyo huniita mami.

"Mami, hivyo viazi vya huko ni aina gani?"

"Wanapenda inayoitwa Rooster, Baba. Maganda mekundu."

"Inakaa? Ama ni kama Shangi, ukigeuka imeota?"

"Sikuuliza."

Kimya kidogo. Nilisikia kuku wakipanda kulala.

"Ukija Disemba, weka viwili mfukoni."

"Baba, KEPHIS, wale wakaguzi wa mimea, watanishika hapo uwanja wa ndege."

"Viwili tu, mami. Vidogo."