Jamani nimekumbatiwa na Amma!!

Wapendwa hatimaye nimefika Amritapuri, Kerala, kule India, kwenye ashramu (makazi ya kiroho) ya Mata Amritanandamayi, yule kiongozi wa kiroho wa Kihindu anayeitwa Amma na anayekumbatia watu wanaomjia; ni kijiji kilekile cha wavuvi alikozaliwa 1953, bahari iko hapohapo. Unapewa tokeni yenye namba unakaa kusubiri namba yako itokee kwenye skrini, bhajani (nyimbo za ibada) zinaimbwa, watoto wanalia, mimi miguu imekufa ganzi na moyo unaenda mbio kama naitwa kwenye intavyuu. Ukikaribia wasaidizi wanakufuta uso kwa tishu ili usichafue sari yake nyeupe (na lile jasho langu sasa, weee!), wanakupigisha magoti, mara mkono unakuvuta kichwa kiko begani kwake. Maombi yote niliyopanga toka Dar yakapotea, nikabaki nalia tu huku ananinong'oneza sikioni kwa Kimalayalam, lugha ya huko. Ikaisha fasta, nikapewa pipi na kipakiti cha majivu matakatifu, nikasogezwa pembeni apite mwingine. Na yeye kakaa palepale masaa na masaa, sijui anawezaje. Kesho naomba tokeni tena, wakininyima naenda jikoni kukata mboga na wanaojitolea.