Kumbukumbu ya mradi: mwani wa maji ya chumvi darini

Beseni la pili limegeuka rangi. Lilikuwa kijani, likawa la chungwa, na wiki hii limeingia wekundu wa tofali. Hili ndilo nililokuwa nikilisubiri.

Kwa asiyejua: darini kwetu Kisauni ninakuza mwani usioonekana ila kwa hadubini, uitwao Dunaliella salina. Mbegu nilipewa na rafiki anayesomea sayansi ya bahari. Nimeuchagua kwa sababu ya maji. Mombasa hii maji matamu twayanunua kwa mtungi, na visima vingi vina chumvi. Mwani huu unataka maji ya bahari, na chumvi ikizidi, vijidudu vinavyoula hufa, wenyewe ukabaki.

Maji nayachota Nyali, bahari ikijaa. Mkondo wa Tudor siutaki, maana maji taka ya mji huishia humo. Nayachuja kwa kitambaa cha pamba, kisha naliachia jua. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Yai bichi likianza kuelea najua tumeshapita mara tatu ya hapo. Ndipo natia mbolea kidogo yenye naitreti na fosfeti, namwaga mbegu, na pampu ndogo ya tangi la samaki inapuliza hewa usiku na mchana.

Rangi huja kwa kunyima. Naitrojeni ikiisha, chumvi ikipanda na jua likiwaka, seli haziongezeki tena. Hujijaza beta-karotini, ile rangi ya chungwa iliyomo kwenye karoti, ikawa mwavuli wao dhidi ya mwanga. Inaweza kufika hata asilimia 10 ya uzito mkavu. Wekundu peke yake hauthibitishi kitu, kwani kuna viumbe wengine wapenda chumvi wenye rangi ya karibu hiyo. Kwenye hadubini nimeziona: seli za mviringo wa yai, mikia miwili, tumbo limejaa matone ya chungwa. Mzee wa nyumba ya jirani, aliyefanya kazi mashamba ya chumvi ya Gongoni ujanani, aliinama juu ya beseni akasema, “Mwanangu, rangi hii naijua. Maji yakiwa hivi, chumvi i karibu kuganda.”

Kuhusu dizeli itokanayo na mafuta ya mwani, ambayo ndiyo iliyonivuta mwanzo, hesabu yangu ni hii. Maji yenye nusu gramu ya mwani kwa lita ni kawaida kwa bwawa la wazi. Lita 1,000 basi ni nusu kilo ikikauka, na mafuta yakiwa asilimia 20, umepata gramu 100. Hayajazi glasi ya chai! Na bado hujalipia stima ya kukoroga wala ya kutenganisha mwani na maji yote hayo. Marekani walilifanyia utafiti jambo hili tangu 1978 hadi 1996, wakahitimisha kwamba haliwezi kushindana na bei ya petroli. Kampuni ya ExxonMobil ilijitosa 2009, ikajitoa 2023. Sisemi mafuta ya mwani hayatakuja. Nasema rangi iyalipie njia, kwa sababu beta-karotini hutafutwa na watengenezaji wa vyakula na virutubisho, na gramu chache zina thamani.

Kuitoa ni rahisi kuliko nilivyodhani. Seli hizi hazina ukuta mgumu, kwa hiyo tope lililokusanyika ukilitia maji matamu kidogo, zinavimba na kupasuka. Nilitikisa pamoja na mafuta ya nazi, nikaacha yatulie. Mafuta yalipanda juu yamekuwa ya manjano iliyokolea, nami nikamwita kila aliyekuwa nyumbani aje aone. Hatujayala, na hayataliwa kabla ya kupimwa maabara kama yana metali nzito au vijidudu.

Tope linalobaki lina protini na glisero, yaani glisirini. Nataka kulijaribu kama chakula cha mwatiko, samaki anayefugwa kwenye mabwawa ya mikoko hapa pwani. Kuna kikundi cha vijana Mtwapa kimekubali kunipa vifaranga wachache na tangi. Kabla ya masika lazima mabeseni yapate paa la nailoni angavu, maana mvua moja kubwa yatosha kuzimua chumvi yote na kurudisha vijidudu. Mbao nimeshanunua. Nailoni naitafuta Kongowea Jumamosi.