Siku moja kwenye kliniki ya akina mama, Malindi

Saa 1 asubuhi benchi limeshajaa. Wa Marafa na Kakoneni wametoka kwao alfajiri, wa Shela wamekuja kwa miguu, na wote 30 kadi zao zinasema saa 2. Daktari ni mmoja, kila mama dakika 15. Piga hesabu: wa mwisho anaingia saa 9 na robo, hapo daktari hajanywa hata chai. Halafu lawama ni za manesi.

Saa 1 na nusu tunachuja nani wa haraka, nyuma ya pazia. Dirishani, na jirani yuko mgongoni, hakuna atakayesema analowesha pedi kila saa. Huyo, na mwenye mimba changa anayeumwa tumbo la chini, wanakwenda dharura moja kwa moja. Bibi aliyekoma hedhi kisha akaona damu, hata tone, faili lake linakuja juu. Hapo ndipo mume wa mtu anapokuja juu: “Sista, huyu amefika sasa hivi!” Siwezi kumwambia sababu, ni siri ya mgonjwa. Basi namezea.

Saa 2 mpaka saa 4 kazi inakwenda.

Saa 4 spekula (vyuma vya kufungulia uke ili daktari aone ndani) zimekwisha. Zilizotumika zinalowekwa dakika 10 kwenye klorini ya asilimia 0.5 (ile ya dukani ya 3.5, kipimo 1 kwa maji 6, ukizidisha muda, chuma kinaliwa). Zinasuguliwa kwa brashi hadi kwenye bawaba, zinasuuzwa, zinafungwa, zinaingia otoklevu (mashine ya mvuke ya kuua vijidudu): nyuzi 121, dakika 30, bado kukauka na kupoa. Stima ikikatika dakika ya 25, unaanza upya. Zaidi ya saa nzima chumba kiko tupu na benchi limejaa. Mimi naona spekula 20 za ziada zingepunguza foleni kuliko daktari wa pili.

Kupoteza muda kwingine ni kibofu. Picha ya tumbo (ultrasound) inataka kibofu kijae, kupimwa kwa spekula kunataka kiwe tupu. Mama akianzia kwa daktari, ameshakojoa. Anarudishwa kunywa lita moja ya maji na kungoja tena. Kwa hiyo: picha kwanza, kisha choo na kikombe mkononi, mkojo huohuo upimwe mimba, ndipo daktari.

Mchana sijui saa ngapi, mtandao wa SHA (bima ya afya ya serikali) umelala, miguu imevimba.

Jioni tunapanga wiki ijayo: akina mama 4 kwa saa, wa Shela saa 2, wa Marafa saa 5. Tunawapigia. Wa kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi tunawauliza kama watakuwa kwenye siku zao. Wakiwa nazo, tunasogeza tarehe. Ila anayetokwa damu ovyo aje vivyo hivyo, ndiyo ugonjwa wenyewe. Wasioshika mtandao, ujumbe unapitia kwa mhamasishaji wa afya wa kijiji.