Ghala la karafuu

Jumapili iliyopita nilimpeleka mama kutazama chumba alimonizalia.

Siku hizi chumba hicho kina kibao: Ghala la karafuu. Nyumba nzima, iliyo katika kichochoro cha Mji Mkongwe nilichokipita maelfu ya mara nikienda skuli, imekuwa makumbusho ya familia ya wafanyabiashara walioijenga, watu waliotokea Kutch, Bara Hindi. Nilitaka kumlipia mama kiingilio, akakataa. Alilipa mwenyewe, tikiti akaikunja mara nne na kuitia mkobani.

Mlango ule niliujua kabla sijajua kusoma. Mbao mbili nzito, mfaa wenye nakshi katikati, na safu za njumu za shaba. Enzi zetu njumu tatu za upande wa kulia zilikuwa zimeng'oka, na sisi watoto tulikuwa tukitia vidole katika matundu yake tukisubiri kufunguliwa. Sasa zimetiwa mpya. Niliipapasa moja, nikaikuta laini na imeng'aa kupita wenzake. Najua fundi kafanya kazi yake inavyotakiwa, lakini kidole changu kilikuwa kinatafuta tundu.

Kijana aliyetupokea alimwamkia mama kwa adabu, akaanza kutuelezea. Alieleza vizuri, nampa haki yake. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Dari imebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, kwani upana wa chumba haukuweza kuzidi boriti inavyofika. Chini duka na ghala, juu familia. Alituonyesha mizani ya kupimia frasila, ambayo ni ratili 35, akasimulia kimbunga cha 1872 kilichong'oa mikarafuu ya Unguja na kuiachia Pemba uongozi wa zao hilo. Alimtaja Tharia Topan, tajiri aliyekuwa akimkopesha Tippu Tip mali ya kupelekea misafara bara, na pembe za ndovu zilizoshuka hadi pwani mabegani mwa watu. Hapo alinyamaza kidogo, nami nikamshukuru moyoni. Utajiri wa mji huu ulibebwa na migongo ambayo majina yake hayamo katika daftari la duka lolote.

Kisha tukaingia ghalani. Magunia matatu, jamvi lenye karafuu kavu, taa ya umeme iliyofichwa nyuma ya kikapu. Mama akasimama katikati.

"Kitanda kilikuwa hapa," akasema. "Jiko pale. Na wewe ulizaliwa huku, ubavuni mwa huu ukuta, usiku wa mvua."

Bibi yangu alihamia humu baada ya Mapinduzi, akitokea Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na watoto wanne, mama mmoja wao. Wenye nyumba walikuwa wameshaondoka. Familia sita ziligawana vyumba, na bibi akapata ghala, lisilo na dirisha ila kitundu cha hewa karibu na dari. Mama alipopata mimba ya kwanza alirudi kuzaa kwa mama yake, kama ilivyo ada yetu, nami nikabaki kulelewa na bibi. Nakumbuka kidaka cha ukutani alichokuwa akiweka msahafu na chupa ya mafuta ya nazi. Sasa kina bakuli la Kichina. Na nakumbuka vuli ilipoanza, unyevu ukapanda sakafuni, chumba kizima kikawa kinanuka karafuu, ingawa gunia la mwisho lilitoka humo kabla mimi sijakuwapo. Bibi alikuwa akisema, "Wenyewe wanatusalimia."

Ngazini kuna ubao mrefu wa historia ya nyumba. Nimeusoma mara mbili. Unaanza na babu aliyeshuka jahazini, unapita kwa wanawe na wajukuu, unafika 1964, halafu mstari unaofuata ni ukarabati. Katikati hapana kitu. Zaidi ya nusu ya karne ya watu waliozaliwa, wakaozeshwa na kufishwa ndani ya nyumba hii, haikupata hata sentensi. Niliumia, na bado naumia ninapoandika.

Ila mama hakukubali nilalamike peke yangu. "Na sisi tuliiharibu," akaniambia. Ni kweli. Mjomba alipaka saruji ukuta wa ghala, akiona anauimarisha. Saruji haiachi ukuta wa chokaa upumue. Maji hubaki ndani, chumvi ikatoka, plasta ikabanduka, na ncha za boriti zilizochimbiwa ukutani zikaoza. Hatukujua. Lakini mjomba huyohuyo ndiye aliyekuwa akipanda juu kila kabla ya masika kuzibua mifereji ya paa, na bila yeye sidhani kama leo pangekuwa na cha kukarabati. Nyumba ya mawe hutaka mtu wa kuipandia paa. Beit el-Ajaib ilikuwa kasri ya Sultani Barghash, tena makumbusho, na tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja ukaporomoka ukaua watu.

Kwa hiyo sisemi magunia yatolewe. Waliojenga walijenga, waache waonyeshwe. Nataka tu kidaka kimoja chenye chupa ya mafuta ya nazi.

Ghorofani mama alikuwa hajawahi kukaa, palikuwa pa majirani. Alitazama kitanda cha samadari na vioo vya rangi madirishani, akasema vizuri, akataka kushuka. Magoti. Tukakaa barazani nje, kijana akatuletea maji, kisha akabaki amesimama.

"Bibi, kumbe ulikaa humu?"

"Miaka."

Akaingia ndani akarudi na daftari la skuli na kalamu, akakaa chini karibu na miguu yake. "Basi nitajie, chumba kwa chumba."

Mama akaanza na ghorofa ya juu, jina la mume, jina la mke, watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, nani alihamia Pemba, nani alifia humo. Kijana alikuwa akimwomba arudie, naye akirudia. Ilipoadhiniwa alasiri walikuwa ndio kwanza wamefika ngazini.