Sherehe ya kwanza niliivuruga mwenyewe

Darasa letu la jioni lilikuwa na watu wazima 19, wengi wao akina mama, nami nilijitolea kuwafundisha kusoma, kuandika na hesabu. Mwaka ulipokaribia kwisha nikaona si haki wamalize kimyakimya. Nikapanga sherehe tarehe 8 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kisomo, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 1966 na ikaanza kuadhimishwa 1967. Tarehe nilipatia. Mengine karibu yote nilikosea.

Niliiga mahafali ya watoto: spika, mgeni rasmi, majina kuitwa moja moja, zawadi za madaftari na penseli. Wakaja 7. Mgeni rasmi akahutubia viti vitupu, akawapongeza waliokuwepo kwa "kutoka gizani". Mama mmoja wa safu ya mbele aliinama akaanza kukunja cheti chake, akakikunja tena na tena mpaka kikaenea kwenye kiganja. Nilimwona, nikajua nimeharibu, lakini hotuba haikuwa na dalili ya kwisha.

Wiki iliyofuata niliuliza kulikoni. Wakanyamaza, mpaka mzee mmoja, wa umri wa baba yangu, akasema: "Mwalimu, majirani zangu hawajui kwamba nilikuwa sijui kusoma. Wewe ukataka watangaziwe kwa spika?" Mwingine akaongeza, kwa upole uliouma zaidi, kwamba ile penseli alimpa mjukuu wake, kwa kuwa alidhani ndiye aliyekusudiwa.

Sikuwa na jibu. Nikaanza upya, na safari hii nikaanza na swali ambalo ningelipaswa kuuliza siku ya kwanza: unataka kusoma ili ufanye nini? Malcolm Knowles, aliyeandika sana kuhusu ujifunzaji wa watu wazima, alisisitiza kwamba mtu mzima hutaka kujua sababu ya kujifunza jambo, na hutaka kulitumia mapema. Majibu yalimthibitisha. Mmoja alitaka kuacha kutia dole gumba. Mmoja alitaka kusoma maelezo ya dawa ya mama yake. Mwingine, mweka hazina wa kikundi, alikuwa amechoka kusomewa hesabu na mtu ambaye hamwamini. Na yule mama wa cheti alitaka kutuma ujumbe wa simu bila kumwomba binti yake auandike, maana, alisema, kuna mambo si ya kuandikiwa na mtoto.

Basi nikaacha kuweka alama za vyema kwenye daftari la mahudhurio. Kila mtu akawa anatia sahihi yake mwenyewe. Nilidhani ni jambo dogo la kuniokolea muda. Mwezi wa nne yule wa dole gumba alifunua kurasa nyuma mpaka wiki ya kwanza, akaweka kidole kwenye jina lake: herufi zilizoning'inia chini ya mstari, N imegeuzwa. Akarudi ukurasa wa siku ile. Akaenda tena nyuma. Darasa zima likasimama kumtazama, na kipindi cha hesabu kikafa hapo. Sikukifufua.

Vyeti navyo nikavibadilisha. Badala ya "amehudhuria", kila kimoja kikaeleza anachoweza mwenye nacho: anasoma maelezo ya dawa, anakagua daftari la mapato na matumizi. Niliwaambia wazi kwamba karatasi yangu haimpi mtu kazi. UNESCO ilitoa mwongozo mwaka 2012 wa kutambua elimu inayopatikana nje ya mfumo rasmi, lakini cheti kinachokubalika na waajiri hutolewa na mamlaka husika baada ya kumpima mtu. Wawili wakaniomba niwasaidie kujiandikisha kwa mtihani huo. Hao nawahesabu kama sherehe peke yao.

Sherehe ya pili waliipanga wao, kuanzia saa mpaka nani aingie. Hakukuwa na mgeni rasmi. Kila mmoja alikuja na mtu anayemtaka, au peke yake. Aliyetaka kusema alisema, asiyetaka aliweka kazi yake mezani, na jina si lazima. Picha hazikupigwa bila ruhusa, na kwa kweli watatu tu ndio walioruhusu. Wakaja 16. Mmoja kati ya waliokosa sijui mpaka leo kilichomzuia, na sikumfuata.

Mezani kulikuwa na barua fupi isiyo na jina, sentensi tatu kwa mwana aliye mbali: kwamba afya ni nzuri, kwamba paa limerekebishwa, na kwamba kuanzia sasa barua zake atazisoma baba mwenyewe. Watu walifika pale wakakwama. Binti mmoja aliyemsindikiza mama yake aliisoma mara mbili, akauliza imeandikwa na nani. Hakuna aliyejibu. Yule mzee wa spika alikuwa amekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamegusa meza. Alikaa hivyo kitambo, kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Hiyo ni yangu."