Pikipiki ya mzee na wiki tatu za kulaumu umeme

Kuna watu wanaweza kukaa juu ya jiwe na ndoano moja kutwa nzima wakisubiri sangara, mimi hapana, subira hiyo sina, ndo maana kosa langu la kwanza kwenye Honda CG125 ya mzee lilikuwa kununua koili mpya (ile inayopandisha umeme mpaka plagi itoe cheche) kabla hata sijashika bisibisi.

Pikipiki yenyewe ni ya zile CG za mwanzo, volti 6, moto wa platini (vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke), cheni imefunikwa yote ndani ya boksi lake. Mzee alikuwa bwana shamba wa pamba huko Kwimba, akastaafu nayo, 2004 ikaingia stoo hapa Nyakato, Mwanza, ikafunikwa turubai na haikutoka tena, kila kilichoharibika nyumbani kikawa kinawekwa juu yake. Ila nilikuwa na moyo kwa sababu Honda walipoitoa 1976 waliitengeneza kwa ajili ya watu wasiojua servisi ni nini, valvu zinasukumwa na fimbo, injini ngumu, na hizi boda za Kichina zinazojazana pale Buzuruga nyingi injini zake ni wajukuu wa hiyohiyo. Kwa hiyo spea nyingi nilijua nitapata.

Mzee amekaa kwenye kiti chake barazani ananiangalia, ananiambia, "We piga kiki tu, juzijuzi ilikuwa inawaka vizuri." Juzijuzi yake hiyo ni miaka ishirini.

Nikapiga kiki mpaka goti likalalamika. Nikaita fundi wa jirani, akaitazama hata dakika haijaisha, "Kaka, koili hiyo imekufa." Nikanunua koili. Kimya. Nikapima betri kwa mita, volti 2 na kidogo, betri ya volti 6 ikiwa nzima inatakiwa isome kama 6.3 hivi, basi nikazunguka mjini siku mbili kutafuta ya volti 6, nikaipata, nikafunga. Kimya vilevile. Hapo mzee ndo akasema, na naapa alikuwa anajua tangu mwanzo, "Mwanangu, hiyo moto wake unatoka kwenye magneti. Kwimba nimeendesha mwaka mzima betri imekufa." Shikamoo baba, na hela yangu je?

Nikaanza upya kwa utaratibu. Plagi nje, nikaivalisha kofia yake, nikaigusisha chuma chake kwenye injini (tanki nilishalitoa, usijaribu hii petroli ikiwa wazi karibu), nikasubiri jioni kigiza kiingie ndo nikapiga kiki. Hamna cheche. Nikafungua mpaka kwenye platini, nikakuta zimevaa ukungu wa kijivu, nyie mnaoishi karibu na ziwa unyevu wake mnaujua. Nikapitisha msasa laini kidogo tu, nikafuta kwa kitambaa chenye spiriti, nikaweka nafasi kati ya milimita 0.3 na 0.4. Bado!

Iliyonifumbua macho ni waya mweusi wenye mstari mweupe. Kwenye hizi Honda huo ndo wa kuzimia, ukizima swichi unaupeleka moto kwenye bodi. Nikauchomoa, nikapiga kiki, cheche ya bluu tah! Yaani swichi ya funguo ilikuwa imeoza ndani, funguo iwe ON iwe OFF pikipiki yenyewe inajua imezimwa. Nikapima na mita kuhakikisha, kweli, inapitisha muda wote. Nikaifungua nikakuta kutu ya kijani, nikasafisha, ikapona. Koili ya zamani nikairudisha, nzima kabisa, ile mpya iko kabatini mwenye shida aseme.

Mafuta nayo yalikuwa kesi yake. Petroli iliyobaki tankini ilikuwa rangi ya chai ya rangi na inanuka vanishi. Kabureta nilipofungua chini nikakuta gundi, ile jeti ndogo, katundu ka kupitishia petroli, ukiiangalia juani huoni upande wa pili. Usichokonoe kwa sindano jamani, utapanua tundu, mi nilitumia uzi mmoja wa waya wa shaba na kopo la dawa ya kabureta. Tanki nikalijaza siki siku mbili na nati ndogo ndani natikisa kila nikipita, maji yaliyotoka yalikuwa kama ya Mto Mirongo mvua ikinyesha. Boksi la hewa limejaa wale vidudu wa ziwani wanaopandaga kama moshi, wamekauka, viganja vitatu.

Ikawaka kiki ya nne. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Jumamosi nikaitoa barabara ya Musoma, nikasema nifike Kisesa nirudi. Kabla ya Igoma ikaanza kukohoa, ikazima. Nikakaa pembeni dakika kumi, nikapiga kiki, ikawaka, nikaenda kidogo, ikazima tena. Nikajisemea koili hiyo, ikipata joto inakufa, fundi alikuwa sahihi. Nilishatoa simu niagize ile ya kabatini iletwe na boda, halafu nikaona aibu, nikachomoa plagi kwanza nikapima palepale barabarani. Cheche ipo, kali. Basi sio umeme. Nikafungua kifuniko cha tanki nichungulie mafuta, kikanyonya hewa, fyuuu, kama chupa.

Kifuniko kina katundu ka kupumulia, na nyigu alishajenga kwa udongo ndani yake. Mafuta yakishuka hewa haiingii, baada ya muda yanagoma kushuka. Ukisubiri, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, inawaka. Nilikatoboa kwa njiti ya kiberiti nimechuchumaa pembeni ya barabara, Kisesa nikafika na kurudi.

Sasa hivi kilichobaki ni indiketa. Kila duka ninaloingia wana balbu za volti 12 tu, kwa hiyo ukiona mtu Nyakato anakata kona amenyoosha mkono kama trafiki, ni mimi.